Je, kizibao cha njano kinatosha gizani? Jibu kwa mama wa Mlandizi

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi pembezoni mwa Mlandizi, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Binti yangu wa darasa la tano hutoka nyumbani saa 11:30 alfajiri na kutembea kando ya barabara kama kilomita mbili hadi shuleni. Mume wangu husafirisha mkaa kwa baiskeli, na mara nyingi hurudi usiku umekwisha kuingia. Mwezi uliopita aligongwa kwa nyuma na pikipiki akavunjika mguu, na kijana aliyemgonga aliapa kwamba hakumwona kabisa. Mume wangu anasema hilo haliwezekani, kwa sababu taa ya ile pikipiki ilikuwa inawaka na yeye aliuona mwanga wake barabarani kabla hajagongwa. Jirani ametushauri tununue vizibao vya njano kama vile vya bodaboda. Je, vinatosha, au tutakuwa tumepoteza fedha?

Jibu: Kwanza nakupa pole kwa yaliyompata baba watoto, na namwombea mfupa uunge vizuri. Nimekuwa mkufunzi wa madereva kwa miaka mingi, na swali lako ni lile ambalo natamani kila anayetembea gizani aliulize kabla ya ajali. Nianze na jibu lenyewe: kizibao si kupoteza fedha, lakini peke yake hakitoshi, na kikiwa cha aina isiyofaa, usiku kitakuwa kama nguo nyingine yoyote. Binti yako anahitaji kitu cha kuakisi mwanga miguuni na mikononi. Mume wako anakihitaji kwenye pedeli, kwenye vifundo vya miguu na nyuma ya mzigo wenyewe, kwa sababu gunia la mkaa linakiziba kizibao chote. Sababu nitazieleza kwa urefu, maana dukani utakutana na vitu vinavyofanana kwa macho lakini vilivyo tofauti kabisa kwa kazi.

Mume wako anaona kwamba yule kijana amesema uongo. Inawezekana, lakini inawezekana pia kwamba amesema kweli tupu. Mtu aliye gizani huiona taa ya chombo kinachokuja kutoka mbali sana, pengine kilomita nzima kama barabara imenyooka, na moyo wake humwambia kwamba ikiwa yeye anaiona taa ile kwa uwazi kiasi hicho, basi na aliye nyuma ya taa anamwona yeye. Sivyo. Mwanga wa taa unakuja machoni pako moja kwa moja. Lakini ili dereva akuone wewe, mwanga huo lazima usafiri mpaka kwako, ugonge nguo zako, kisha sehemu yake irudi hadi machoni pake. Nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza humeza karibu mwanga wote, na kidogo kinachobaki hutawanyika kila upande. Watafiti wa nchi mbalimbali wamelipima jambo hili kwa miongo kadhaa, na matokeo yao yanakubaliana: waenda kwa miguu hudhani kwamba wanaonekana kutoka mbali zaidi ya wanavyoonekana kweli.

Katika mafunzo huwa ninalionyesha hilo kwa vitendo. Tunachagua kipande cha barabara ya vumbi kisichopitiwa na magari usiku, ninaegesha pikapu na kuwasha taa za chini, zile tunazoziita dimu, kisha wanafunzi wawili wanakaa mbele pamoja nami na mmoja anakwenda mbali gizani. Huyo anatembea polepole kuja upande wetu, na pale anapoamini kwamba sasa tumemwona anaangusha jiwe alilolishika, halafu anaendelea kuja. Sisi tulio garini tunapiga honi pale tunapomwona kweli. Siku moja mwalimu wa shule ya msingi aliyevaa baibui jeusi aliangusha jiwe lake, akaendelea kutembea, na kimya kikawa kirefu mpaka akaanza kutuita akiuliza kama tumelala. Honi ilipolia, kitu cha kwanza tulichokiona kilikuwa bangili yake iliyometa, na yeye mwenyewe tukamwona baadaye. Tulihesabu kutoka kwenye jiwe hadi pale aliposimama, tukapata hatua zaidi ya 90. Mwalimu yule aliketi kwenye usukani, akamtazama mwenzake akija kutoka gizani kwa namna ileile, na hakutamka neno mpaka zoezi lilipokwisha.

Hatua hizo 90 ndizo zinazoamua mtu atafika nyumbani au hospitali, na hesabu yake si ngumu. Chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu. Kila sekunde moja linakula mita 22. Dereva aliye macho, asiyelewa wala kushika simu, huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu kuona kitu hadi mguu wake kukanyaga breki, na kwa muda huo gari limekwisha kwenda mita 33 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Baada ya hapo breki nazo, kwenye lami kavu, huhitaji mita nyingine 35 hivi. Jumla inakaribia mita 70, na lori lililosheheni huhitaji zaidi. Sasa linganisha na umbali wa kuonekana. Kwa taa za dimu, makadirio tunayoyatumia kufundishia ni kwamba aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa umbali wa mita 30 hivi, aliyevaa nyeupe mita 60, na aliyevaa kitu cha kuakisi kilicho kizuri mita 150 na zaidi. Aliyevaa nyeusi atafikiwa kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Aliyevaa nyeupe atakuta breki zimeshikwa lakini gari halijasimama. Wa tatu anampa dereva karibu sekunde 7, na katika sekunde 7 hata dereva mzembe huweza kupunguza mwendo na kumkwepa.

Saa anayotoka binti yako inanitia wasiwasi kuliko saa anayorudi mume wako. Kwa sababu tuko karibu na ikweta, giza letu halina subira: tangu jua kuzama hadi mtu ashindwe kuona vizuri bila taa hupita dakika 20 na kitu tu, na alfajiri ni vivyo hivyo kwa kinyume chake. Ukanda wa Pwani jua huchomoza kabla kidogo ya saa 12 asubuhi mwezi Novemba, na saa 12:35 hivi mwezi Julai. Mtoto anayetoka saa 11:30 na kutembea nusu saa atakwenda kwenye utusitusi mwezi Novemba, lakini mwezi Julai njia yake yote ni giza. Na mwezi Julai ndipo kunapokuwa na ubaridi wa alfajiri, kwa hiyo anavaa sweta. Mtazame kesho akitoka: shati jeupe la shule, ambalo lingempatia mita chache za ziada, limefunikwa na sweta la rangi iliyokoza, sketi ni ya buluu, begi mgongoni pengine ni jeusi. Kilichobaki cheupe ni soksi, na soksi hizo ndizo nitakazozirudia hapa chini, kwa sababu zimekaa mahali pazuri kuliko unavyodhani.

Sasa tuingie dukani. Vizibao vile vya bodaboda vina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni kitambaa chenyewe, cha njano inayoelekea kijani au cha rangi ya chungwa kali. Rangi hizo zimetengenezwa ili zipokee miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana, ndiyo maana kitambaa hicho huonekana kana kwamba kinawaka chenyewe mchana, na hasa jioni jua linapokaribia kuzama au mawingu ya mvua yanapotanda. Jua likishazama, kazi hiyo imekwisha. Taa za magari hazina miale hiyo ya kutosha, na kitambaa hubaki kuwa nguo ya rangi ya mwanga tu.

Cha pili ni zile tepe za rangi ya fedha au kijivu zilizoshonewa juu yake, na usiku hizo ndizo zenye kazi. Ndani ya utepe wa kweli kuna vipunje vya kioo vidogo sana, au vipande vidogo vya plastiki vilivyochongwa pembe, na sifa yake ni kwamba huurudisha mwanga kulekule ulikotoka badala ya kuutawanya. Kwa kuwa macho ya dereva yako karibu na taa za gari lake, ni yeye anayeupokea mwanga huo, na ndiyo sababu utepe unaoonekana wa kijivu na umepooza kwako wewe uliyesimama pembeni unamwakia yeye kama taa. Kuna vizibao vinavyouzwa kwa bei ndogo ambavyo tepe zake ni plastiki ya kijivu tu, isiyorudisha chochote. Nimevishika mkononi vikiwa vimening'inizwa pamoja na vile vizuri, na mchana hata mimi siwezi kuvitofautisha.

Kuna njia ya kuvipima. Mwombe muuzaji aweke kizibao mahali penye giza, nyuma ya duka au chini ya meza, usimame hatua 10 au zaidi, uwashe tochi ya simu na kuishika kando ya paji la uso, karibu kabisa na jicho. Utepe wa kweli utalipuka kwa mwanga mweupe. Kisha nyosha mkono ulioshika tochi pembeni mbali na uso, huku ukiendelea kukimulika kizibao: mng'ao utapungua sana, kwa sababu sasa mwanga unarudi kwenye tochi na si kwenye jicho lako. Kama huoni tofauti yoyote kati ya mkao wa kwanza na wa pili, usinunue. Ukipita kwenye mitumba, tafuta makoti na vizibao vya mafundi wa Ulaya vyenye lebo ya ndani iliyoandikwa EN ISO 20471. Hicho ndicho kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kuonekana kazini, na mara nyingi lebo hutaja pia ni mara ngapi nguo inaweza kufuliwa kabla tepe hazijachoka. Hata hivyo ipime kwa tochi, kwa sababu huwezi kujua imekwisha kufuliwa mara ngapi. Nyumbani usiifue kwa jiki, usiisugue kwa brashi, wala usiipige pasi juu ya utepe. Na vumbi la barabarani lifutwe kwa kitambaa chenye maji, maana utepe mchafu ni utepe uliokufa.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo jirani yako, kwa nia yake njema, hakulijua. Kuona kitu kinachong'aa barabarani ni hatua moja. Kutambua kwamba kitu hicho ni mtu ni hatua nyingine. Dereva anayekwenda Chalinze usiku hukutana na mamia ya vitu vinavyong'aa: nguzo za kingo, vibao vya alama, vifuniko vya chupa, macho ya mbuzi. Mng'ao mmoja wa kifuani uliotulia mahali pamoja haumwambii chochote. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alichapisha majaribio aliyoweka nukta za mwanga kwenye viungo vya watu waliotembea gizani, kwenye vifundo vya miguu, magoti, viwiko na vifundo vya mikono. Nukta zikiwa zimesimama, watazamaji hawakuona chochote cha maana; zilipoanza kwenda, walitambua mara moja kwamba ni binadamu anatembea. Akili ya mtu inaujua mwendo wa mtu kuliko inavyolijua umbo lake.

Watafiti wa Australia na Marekani walilipeleka wazo hilo kwenye barabara iliyofungwa usiku, wakaweka mwendesha baiskeli na kuwaomba madereva waseme pindi wanapomtambua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 ndiyo jibu la swali lako kwa tarakimu. Aliyevaa nyeusi alitambuliwa mara 2 katika kila 100. Aliyevaa kizibao cha rangi kali kisicho na tepe za kuakisi alitambuliwa mara 15. Kizibao chenye tepe za kuakisi kilifikisha mara 50. Kizibao hichohicho kilipoongezewa tepe kwenye vifundo na magoti, alitambuliwa mara 90. Naomba uzitazame tarakimu hizo tena kabla hujatoa fedha mfukoni: vipande vinne vidogo vya utepe miguuni vilikaribia kuzidisha maradufu kazi ya kizibao kizima.

Miguu ina faida nyingine. Taa za dimu zimeelekezwa chini ili zisimpofushe anayekuja mbele, kwa hiyo mwanga wake hufika kwanza kwenye vifundo vya mtu na kifua hukipata baadaye. Ndiyo maana nilizisifu zile soksi. Mpelekee fundi cherehani utepe wa upana wa sentimita 5, amshonee binti yako mikanda miwili ya lastiki ya kuvaa juu ya soksi, ukizunguka mguu mzima ili uonekane mbele, nyuma na ubavuni. Amshonee pia utepe kwenye mikono ya sweta karibu na viganja, na kwenye begi, nyuma na juu ya mikanda ya mabegani. Shule ikiuliza kuhusu sare, mikanda ya lastiki huvuliwa getini na kuwekwa kwenye begi. Akina mama wanaovaa mabaibui wanaweza kushonewa utepe mwembamba kwenye pindo la chini na kwenye mikono. Mwalimu niliyemtaja alifanya hivyo, na wakati wa kwenda kuswali magharibi ndipo anapouhitaji zaidi.

Kwa baiskeli ya mkaa, niruhusu niwe mwangalifu zaidi, kwa sababu hapa ushauri wa kawaida unashindwa. Vitabu humwambia mwendesha baiskeli avae kizibao na aweke kiakisi chekundu nyuma ya keria. Mume wako akishapanga magunia, aliye nyuma yake haoni mgongo, haoni keria, haoni chochote isipokuwa ukuta mweusi unaotembea polepole. Kwa hiyo ukuta wenyewe ndio uvikwe. Atengeneze kitambaa cha upana wa gunia kilichoshonewa tepe, chenye kamba pande zote, akifunge nyuma ya mzigo baada ya kupakia na kukihamishia mgongoni pake akirudi mtupu. Chini, kwenye madigadi ya nyuma ambako magunia hayafiki, abandike utepe mwekundu wa kuakisi kama ule wa nyuma ya malori, unaouzwa kwenye maduka ya vipuri. Ule hushika vizuri kwenye chuma ingawa kwenye nguo hubanduka ukifuliwa. Mbele utumike mweupe, nyuma mwekundu, kwa sababu madereva wamezoea kusoma hivyo mwelekeo wa kitu.

Kisha atazame pedeli. Baiskeli nyingi zilipotoka dukani zilikuwa na vipande vya rangi ya chungwa vinavyoakisi mbele na nyuma ya kila pedeli, na pedeli zilipochakaa fundi akaweka za chuma tupu. Vipande vile havikuwa pambo. Viko chini kwenye njia ya mwanga wa dimu, vinapanda na kushuka kwa zamu, na hakuna kitu kingine barabarani kinachokwenda hivyo. Dereva akiviona anajua papo hapo kwamba mbele yake kuna baiskeli. Kama atarudisha kitu kimoja tu kabla ya kuanza tena kazi, nashauri kiwe hicho. Taa ya nyuma nayo ni ya lazima, ya dainamo au ya betri, kwa kuwa viakisi vyote nilivyovitaja hungoja kumulikwa. Gari linalotoka njia ya pembeni, ambalo taa zake bado hazijamwelekea, haliwezi kuviona, lakini taa inayowaka yenyewe inaonekana. Dainamo ina upungufu mmoja: anaposimama au anaposukuma baiskeli kwenye mlima, inazimika, na hapo ndipo anapokuwa mnyonge kuliko wakati wowote.

Kuna hali moja ambamo hata mtu aliyevaa vizuri hupotea machoni, nayo ni pale magari mawili yanapopishana. Dereva anayeelekezewa taa kali, hasa na mwenzake aliyewasha fulu, yaani taa za juu, asipunguze, hupofuka kwa sekunde kadhaa, na macho ya dereva mwenye umri mkubwa huchelewa zaidi kurudi katika hali yake. Kioo cha mbele kikiwa na vumbi au mikwaruzo, mwanga hutapakaa juu yake kama pazia. Aliye pembeni mwa barabara katika nukta ile haonekani kabisa. Mfundishe binti yako kanuni hii na aifanyie mazoezi akiwa na wewe: akiona taa zinatoka mbele na nyuma kwa pamoja, na zitakutana karibu na alipo, atoke kabisa kwenye lami na kusimama majanini mpaka zipite. Mvua ikinyesha afanye hivyo kwa kila gari, maana lami iliyolowa huurusha mwanga wa dimu mbele badala ya kuurudisha kwa dereva, na koti la mvua linaweza kuwa limeziba tepe zote isipokuwa za miguuni.

Atembee upande wa kulia wa barabara, akitazamana na magari yanayokuja upande wake, kwa kuwa kwetu magari hukaa kushoto. Hapo anaona kinachokuja na ana muda wa kukwepa. Wasomaji walioko Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hukaa kulia, watembee kushoto. Mwendesha baiskeli hufuata mwelekeo wa magari, kwa hiyo hatari yake kubwa hutoka nyuma, na nyuma ndiko kunakostahili kuvikwa zaidi.

Kuhusu bodaboda nitasema machache, kwa vile umezitaja na kwa vile huenda binti yako hupakiwa siku za mvua. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba waendesha pikipiki waliovaa nguo za rangi kali au za kuakisi walikuwa na hatari ya kuumia katika ajali iliyo pungufu kwa asilimia 37 kuliko wenzao, na waliovaa kofia ngumu nyeupe badala ya nyeusi, pungufu kwa asilimia 24. Malaysia iliwalazimisha waendesha pikipiki kuwasha taa hata mchana tangu mwaka 1992, na ajali zinazotokana na kutoonekana zilipungua kwa asilimia 29 hivi. Kwa hiyo kizibao cha bodaboda kina kazi. Lakini tazama kinavyovaliwa: asubuhi yenye baridi dereva anavaa koti zito jeusi lililogeuzwa mbele nyuma juu yake; akipakia abiria, abiria anauziba mgongo wote. Mtoto wako akipanda, begi lake lenye utepe ndilo litakalokuwa kiakisi cha pikipiki nzima kwa anayekuja nyuma, na hiyo ni sababu nyingine ya kulishonea.

Sitaki usomaji wa haya yote ukuachie hisia kwamba mume wako aligongwa kwa kosa lake. Hakuna sheria ya maadili inayomfanya mtu avunjwe mguu kwa kuwa amevaa nguo iliyokoza. Wajibu wa kwanza ni wa mwenye chombo, ambaye hapaswi kwenda kwa mwendo unaozidi umbali anaoweza kuona kwa taa zake. Katika maeneo ya makazi sheria yetu inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo umbali wa kusimama ni mita 35 hivi, nusu tu ya ule wa kilomita 80. Aliyeonekana akiwa mita 60 ataponea. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani kila mwaka, zaidi ya nusu vikiwa vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, na ajali hizi ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Utepe peke yake hauwezi kubeba mzigo huo.

Kwa sababu hiyo, pamoja na fundi cherehani, nenda kwenye kamati ya shule na serikali ya mtaa au ya kijiji. Barabara ya Morogoro iko chini ya TANROADS, na barabara ndogo za makazi ziko chini ya TARURA. Ombeni kwa maandishi njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa na lami, alama za shule, kivuko na matuta pale watoto wanapovuka. Si ombi la ajabu: mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliofanya kazi hiyohiyo kwenye njia za watoto kuzunguka shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, ulipewa mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, na mambo yake mengi ni ya gharama ndogo kama nguzo, rangi na matuta. Kama shule inaweza kusogeza mbele saa ya kuingia kwa nusu saa miezi ya Juni na Julai, ombeni na hilo.

Kabla ya kikao hicho, mwombe jirani mwenye bajaji au pikipiki asimame usiku kwenye njia isiyo na magari na awashe dimu. Wewe ukae karibu na macho yake. Binti yako, akiwa na baba mdogo au mtu mzima mwingine wa kumsindikiza, aje kutoka hatua 150, kwanza akiwa amevaa kama anavyovaa sasa, kisha akiwa na mikanda ya miguuni na tepe za mikononi. Kila mara, sema kwa sauti pale utakapojua kwa hakika kwamba huyo ni mtu, na mumeo akae kwenye kiti kando yako ahesabu hatua zilizobaki. Andikeni hesabu zote mbili kwenye karatasi, na karatasi hiyo uende nayo kwa wazazi wenzako.